Kirumba na Uzito wa Kura: Jimbo la Ilemela Lilivyoundwa

Kwa Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, Wilaya ya Kwimba ina watu 480,025 na wabunge wawili wa kuchaguliwa, mmoja wa jimbo la Kwimba na mwingine wa Sumve. Wilaya ya Ilemela ina watu 509,687 na mbunge mmoja. Zote mbili zimo Mkoa wa Mwanza, zilihesabiwa na makarani wa sensa ileile, na watu wake hupanga foleni ya kura siku moja. Ukipima kwa idadi ya watu, mkazi wa Kirumba anapotumbukiza karatasi ya ubunge kwenye sanduku, kura yake kwa wastani haina hata nusu ya uzito wa kura ya mwenzake wa Kwimba.

Si kwamba kuna mtu aliyekaa akapanga kuipunja Kirumba. Pengo hilo limetokana na mazoea ya miaka mingi. Mipaka ya majimbo yetu hufuata kwanza mipaka ya wilaya na halmashauri, na idadi ya watu hutazamwa baadaye. Mji unapokua polepole, mazoea hayo hayamuumizi mtu. Mwanza haikukua polepole.

Mji uliogawanywa

Kirumba ni kata iliyo pembezoni mwa katikati ya mji. Ukiifuata Barabara ya Makongoro kuelekea uwanja wa ndege, unafika Kirumba kabla hujahisi kwamba umetoka mjini. Upande mmoja una Uwanja wa CCM Kirumba, ambao kila shabiki wa soka nchini anaujua. Upande wa ziwani uko Mwaloni, soko la samaki linalolisha watu wa nchi kadhaa.

Mwaloni hufuata mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikichanua hupumzika, kwa hiyo shughuli za soko hupanda na kushuka kwa kalenda ambayo haikuandikwa ofisini. Siku za giza, mitumbwi na boti hufika na magunia ya dagaa waliokaushwa visiwani, makuli huyapandisha vichwani, na Fuso husubiri zikiwa na turubai tayari. Wako wanunuzi wa kayabo, yaani sangara waliotiwa chumvi na kukaushwa, na wako wanaofuata mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki. Mzigo huondoka hapo kwenda Kongo, Rwanda na Burundi. Katika vibanda vya chai utasikia Kisukuma, Kijita, Kikerewe, Kihaya, Kizinza na Kijaluo, na Kiswahili chenye lafudhi ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wengi wa watu hao wamepanga vyumba Kirumba, wana jamaa Ukerewe au Sengerema, na mwezi mmoja wanaweza kuwa mjini, mwezi unaofuata kambini kisiwani.

Mtu wa namna hiyo si rahisi kumhesabu, na kumpigisha kura ni kazi zaidi. Sheria humtaka apige kura katika kituo alichoandikishwa, na akihama ahamishe taarifa zake wakati wa uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapigakura. Mvuvi aliyeandikishwa Kirumba, na siku ya uchaguzi giza likamkuta kisiwani, hana kura siku hiyo.

Lakini Kirumba si jimbo. Ni kata moja kati ya kata 19 za Ilemela, na ndani ya jimbo hilo kuna sura mbili zisizofanana. Kirumba, Kitangiri, Nyamanoro, Pasiansi, Kawekamo na Ibungilo ni mji wa kubanana: nyumba zimepanda milima ya mawe, nyingine hazifikiki kwa gari, na maji hupanda huko kwa shida ingawa ziwa linaonekana kutoka dirishani. Ukienda Bugogwa, Sangabuye na Kayenze unakuta mashamba, mialo kama Igombe na maisha ya kijiji cha ziwani. Katikati ya sura hizo kuna Buswelu, Nyasaka, Kiseke na Nyamhongolo, maeneo ambayo yalikuwa mashamba jana na leo ni viwanja. Mbunge wa Ilemela hutakiwa kuwasemea wote: muuza kayabo anayetaka choo cha soko na mkulima wa Sangabuye anayetaka barabara.

Kura kabla ya Ilemela

Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892. Reli kutoka Tabora ilifika 1928, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda pwani. Tangu hapo siasa za Mwanza zimekuwa siasa za bei. Mkulima wa pamba alitaka kujua nani anashika mizani, na swali hilo ndilo lililozaa vyama vya ushirika kabla halijazaa wabunge.

Kiongozi aliyetokana na swali hilo alikuwa Paul Bomani. Chini yake wakulima walijenga muungano wa ushirika wa Victoria Federation of Co-operative Unions katika miaka ya 1950, wakati ambapo serikali ya kikoloni ilikuwa imekataa kuyaandikisha matawi ya TANU katika Jimbo la Ziwa. Chama kilipofungiwa mlango, ushirika ndio uliobaki kuwa jukwaa.

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Nchi nzima iligawanywa katika majimbo 10, na kila jimbo lilitoa wajumbe watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mpigakura alilazimika kuwapigia wote watatu, la sivyo kura yake iliharibika. Na ili awe mpigakura, alitakiwa kuwa na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au kushika wadhifa uliotambuliwa. TANU ilijadili kwa moto mkutanoni Tabora, Januari 1958, kama ishiriki au isusie mpango huo, na Nyerere akawashawishi wenzake washiriki. Ikashinda. Hata hivyo, ramani ile ilikuwa imepangwa ili idadi ya watu isiamue mambo. Waafrika waliokuwa wengi mno walipewa kiti sawa na jamii zilizokuwa na watu wachache mno.

Baada ya uhuru vigezo hivyo vilifutwa, kila mtu mzima akapata kura, lakini chama kikabaki kimoja. Mwaka 1965 TANU iliwaruhusu wanachama wake wawili washindane katika kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Bomani, ambaye sasa alikuwa Waziri wa Fedha, aligombea huko Mwanza na akaangushwa. Wakulima walikuwa na manung'uniko juu ya ushirika na bei, naye ndiye aliyekuwa uso wa vyote viwili. Nyerere alimrudisha bungeni kwa uteuzi na kumpa wizara nyingine, lakini ujumbe ulikuwa umefika.

Tukio hilo linastahili kukumbukwa na kila anayeichambua Ilemela. Hata pale ambapo hakukuwa na chama cha upinzani, mpigakura wa Mwanza alijua kutumia karatasi moja aliyopewa kumwadhibu mkubwa.

Jiji likagawanywa sehemu mbili

Mfumo wa vyama vingi ulirudi Julai 1992, kufuatia mapendekezo ya Tume ya Nyalali. Mwaka 2000 Mwanza ilipandishwa hadhi kuwa jiji, likiwa na wilaya mbili za Nyamagana na Ilemela chini ya halmashauri moja. Mwaka 2012 halmashauri hiyo ikagawanywa. Nyamagana ikabaki na Jiji, Ilemela ikapata manispaa yake yenye makao makuu Buswelu.

Kwa mtu wa Kirumba, mgawanyo huo ulikuwa na matokeo ya kila siku. Duka lake lipo jirani na katikati ya Jiji, wateja wake wanatoka Jiji, watoto wake huenda wanasoma upande wa Nyamagana. Lakini leseni ya biashara na kibali cha ujenzi anavifuata Buswelu, upande wa pili wa milima, na ushuru wa Mwaloni unaingia katika mfuko wa Manispaa ya Ilemela. Kuna faida ndani yake, kwa kuwa bila soko hilo manispaa changa ingekuwa maskini zaidi. Kuna gharama pia. Mji ambao wakazi wake wanauona ni mmoja sasa una mabaraza mawili ya madiwani, mameya wawili na mipango miwili, na mitaro ya maji ya mvua haijui mpaka uko wapi.

Mgawanyo huo ulifanya jambo jingine ambalo halikuzungumzwa sana. Miongoni mwa vigezo vya Tume ya Uchaguzi katika kugawa majimbo kuna viwili visivyopindika: jimbo moja lisiwe ndani ya halmashauri mbili, na kata moja isiwe ndani ya majimbo mawili. Siku Ilemela ilipopata manispaa yake, mpaka wa jimbo nao ulitiwa saruji. Hauwezi tena kusogezwa kuelekea Nyamagana ili kusawazisha idadi. Kilichobaki ni kuligawa jimbo kwa ndani.

Mwanza haimwogopi waziri

Mwaka 2005 majimbo yote mawili ya Jiji yalikuwa mikononi mwa CCM, na kwa watu wenye uzito. Nyamagana ilikuwa na Lawrence Masha, aliyekuja kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Ilemela ilikuwa na Anthony Diallo, aliyepata kuwa waziri na ambaye kampuni yake, Sahara Media, inamiliki Star TV na Radio Free Africa. Mwaka 2010 wote wawili waliangushwa na wagombea wa CHADEMA ambao nchi ilikuwa haijawazoea: Ezekiel Wenje Nyamagana, na Highness Kiwia Ilemela. Ukerewe nayo ikaenda kwa Salvatory Machemli wa chama hichohicho.

Wachambuzi wengi walieleza matokeo hayo kwa upepo wa kitaifa, na upepo ulikuwapo kweli. Lakini upepo hauelezi kwa nini ulivuma kwa nguvu mijini na kando ya ziwa. Kirumba na Kitangiri zilijaa vijana waliokuja kutafuta maisha katika uchumi wa sangara, wakaishia kwenye umachinga, bodaboda na vibarua vya siku. Kwa vijana hao siasa ilikuwa mgambo wa halmashauri, kibanda kilichobomolewa na kiwanja kisicho na hati. Chama kilichokuja na lugha ya kuyasema hayo kilipata masikio.

Ukali wa ushindani huo ulionekana wazi Kirumba yenyewe. Tarehe 1 Aprili 2012, siku ileile ambayo macho ya taifa yalikuwa kwenye uchaguzi mdogo wa ubunge wa Arumeru Mashariki, Kirumba ilifanya uchaguzi mdogo wa diwani. Usiku wa kuamkia kura, Kiwia na Machemli walishambuliwa kwa mapanga wakiwa Ilemela na kulazwa hospitali. CHADEMA ikakichukua kiti hicho. Udiwani wa kata moja ulikuwa umefikia kumwaga damu ya wabunge wawili.

Mwaka 2015 mzunguko ukageuka. CCM ilirudisha majimbo yote mawili kupitia watu wawili wanaotumia jina moja la Mabula: Stanslaus Nyamagana, na Angeline Ilemela. Angeline Mabula aliingia Wizara ya Ardhi kama naibu waziri, na Januari 2022 akawa waziri kamili hadi Agosti 2023. Kwa Ilemela, hakuna wizara iliyokuwa karibu zaidi na maisha ya watu. Urasimishaji wa makazi ya milimani, upimaji wa viwanja vya Buswelu na migogoro ya mipaka baina ya wananchi na taasisi za umma ndivyo vinavyojaza mikutano ya hadhara huko. Jimbo lilipata mwakilishi aliyeshika faili lenyewe. Hata hivyo, mtu mmoja hana uwezo wa kuwa mezani kwa waziri na wakati huohuo kuwa mlimani Kabuhoro, ndani ya jimbo lake.

Mwaka 2020 wabunge hao wawili walirudi. Uchaguzi wa Oktoba 2025 ulifanyika bila CHADEMA, iliyoondolewa baada ya kutosaini kanuni za maadili ya uchaguzi, na siku ya kura na zilizofuata zilikuwa na maandamano, vifo na intaneti iliyozimwa. Mchambuzi hana haki ya kuyachukua matokeo ya aina hiyo na kuyasoma kama maoni ya jimbo. Ila lipo jambo lisilotegemea nani aligombea, nalo ni hesabu ya watu.

Kipimo cha Tume

Ibara ya 75 ya Katiba inaipa Tume, kwa idhini ya Rais, mamlaka ya kuigawa nchi katika majimbo, na kuitaka iyachunguze angalau kila baada ya miaka 10. Katika uchunguzi wa 2025, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza kwamba jimbo la mjini litakalofikiriwa kugawanywa liwe na watu wasiopungua 600,000, na la vijijini 400,000. Mei 2025 ikatangaza majimbo mapya 8, na idadi ya majimbo ikapanda kutoka 264 hadi 272: 222 Tanzania Bara na 50 Zanzibar.

Mwanza haikupata hata moja. Nyamagana, kwa sensa, ina watu 594,834. Ilipungukiwa na watu 5,166, idadi ambayo mtaa mmoja wa mji unaweza kuwa nayo. Ilemela ilipungukiwa na 90,313.

Lakini kipimo hicho hakikuwa ukuta kwa kila mtu. Jiji la Mbeya, kwa sensa hiyohiyo, lina watu 541,603, pungufu ya Nyamagana, nalo liligawanywa likazaa jimbo la Uyole. Tume ina vigezo vingine vya kujitetea: jiografia, mawasiliano, hali ya uchumi, hata uwezo wa ukumbi wa Bunge kuchukua watu. Vigezo vinapokuwa vingi kiasi hicho bila kujulikana kipi kinakishinda kipi, kila uamuzi unaweza kutetewa na kila uamuzi unaweza kulalamikiwa. Mlalamikaji naye hana mahali pa kwenda, kwa kuwa Ibara ya 74 inazizuia mahakama kuchunguza jambo lililotendwa na Tume katika kutekeleza madaraka yake.

Tuipime Ilemela kwa nchi. Tanzania Bara ina watu 59,851,347. Gawanya kwa majimbo 222, wastani ni kama watu 269,600 kwa mbunge. Ilemela ina karibu mara mbili ya wastani huo. Nyamagana na Ilemela kwa pamoja zina watu 1,104,521, idadi ambayo kwa wastani wa Bara ingestahili wabunge wanne; zina wawili. Zanzibar, yenye watu 1,889,773 na majimbo 50, ina mbunge wa jimbo kwa kila watu wapatao 37,800. Hilo la mwisho lina historia yake, kwani Muungano ni makubaliano ya nchi mbili, na uwakilishi wa Zanzibar bungeni ni sehemu ya makubaliano hayo. Tofauti iliyopo kati ya Ilemela na Kwimba haina makubaliano ya aina hiyo nyuma yake.

Tena pengo linapanuka. Mwaka 2012 Ilemela ilikuwa na watu 343,001. Miaka 10 baadaye ilikuwa imeongezeka kwa karibu asilimia 49, na Nyamagana kwa asilimia 64.

Wanaosema mji usiongezewe

Kuna hoja tatu za upande wa pili, na zote zina mashiko.

Ya kwanza ni umbali. Mbunge wa kijijini hupoteza siku nzima barabarani ili aonane na watu wa kata moja, ilhali wa mjini huweza kuzunguka Kirumba, Kitangiri na Nyamanoro kabla ya saa sita mchana. Ni kweli kwa Kirumba, lakini si kwa Kayenze, na zote zimo Ilemela. Kadhalika, msongamano unapunguza safari huku ukizidisha kesi: wapangaji, wachuuzi, migogoro ya viwanja.

Ya pili ni gharama. Kila mbunge mpya ana mshahara, posho na ofisi, na mlipakodi amechoka. Hoja hii ni nzito, ila kama shida ni ukubwa wa Bunge, dawa yake ni kuunganisha majimbo madogo, jambo ambalo hutasikia Tume ikilitangaza. Kila mara tunaongeza, na tunaongeza pasipo uwiano.

Ya tatu ni kwamba mji una sauti nyingine: redio, magazeti, vyama vya wafanyabiashara, ukaribu na mkuu wa mkoa. Lakini sauti hizo ni za wenye nacho. Mama anayeanika dagaa Mwaloni hana redio. Ana kura.

Jirani zetu wamejaribu njia nyingine. Katiba ya Kenya ya 2010 imeweka majimbo 290, na kutaka idadi ya watu katika kila jimbo iwe karibu na wastani wa kitaifa, ikiruhusu tofauti isiyozidi asilimia 40 kwa miji na maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Kwa kanuni hiyo Embakasi ya Nairobi, iliyokuwa jimbo moja kubwa mno, iliingia uchaguzi wa 2013 ikiwa majimbo matano. Kenya haijamaliza ugomvi wa mipaka, ila mlalamikaji wa huko ana namba ya kushika mkononi, na ana mahakama ya kuipeleka.

Kinachowezekana sasa

Kuigawa Ilemela kwa ndani hakuhitaji kubadili Katiba, wala kugusa mpaka wa manispaa, wala kupasua kata. Kata za mji wa kubanana, Kirumba ikiwamo, zinaweza kuwa jimbo moja. Za Buswelu, Bugogwa, Sangabuye, Kayenze na jirani zake zikawa jingine. Kila upande ungekuwa na watu wa kutosha kulingana na wastani wa Bara, na kila mbunge angekuwa na ajenda inayoeleweka: mmoja soko, makazi ya milimani na ajira za vijana, mwingine ardhi inayogeuka mji, barabara na uvuvi wa mwambao.

Lakini mgawanyo mmoja hautoshi ukifanywa kama zawadi. Sensa ijayo inatarajiwa 2032, na kabla yake kuna uchaguzi wa 2030. Tume ikiendelea kupima kwa orodha ndefu isiyo na kipaumbele, Mwanza itaingia tena foleni ya kuomba, na majibu yatategemea nani anasikilizwa Dodoma mwaka huo. Kinachotakiwa ni sheria itakayotaja wastani na kiwango cha juu cha kuuzidi, na itakayomruhusu mwananchi aende mahakamani kiwango hicho kinapovukwa. Wabunge wa kuipitisha sheria hiyo wengi wao wanatoka kwenye majimbo madogo, wala hawatajipunguzia uzito kwa hiari. Kwa hiyo madai hayo lazima yaanzie kwenye majimbo yaliyopunjwa, na swali la kumuuliza kila atakayekuja Kirumba kuomba kura 2030 ni hili: atapigania kugawana jimbo hilo na mwenzake, au anataka kubaki nalo zima?